Namna ya kujua Uholanzi inaingiza mbao ngumu kiasi gani kila mwaka, ukiwa na laptopu na bando tu

Wadau wa mbao na nyie vijana wa UDOM mnaoandika ripoti, hili swali naulizwa kila mara hapa Dodoma: hivi Wazungu bado wananunua mbao ngumu za nchi za joto au wameacha? Mtu anaona grafu moja ya dola mtandaoni basi keshaanza kutafuta mtaji wa kukusanya mninga. Subiri kwanza. Dola inapanda hata kama mzigo umepungua, kwa hiyo cha kufuatilia ni mita za ujazo, na ntaelekeza namna ya kuzipata.

Nachukua Uholanzi kwa sababu ni kanchi kadogo, ukubwa wake kama mkoa wetu wa Dodoma tu, lakini inavuta mbao za meranti toka Malaysia kwa ajili ya fremu za madirisha, na azobé toka Kameruni kwa ajili ya mageti ya mifereji na magati, maana ule mti ni mzito mpaka unazama majini na hauozi kirahisi.

Hatua ya 1: chukua data. Ingia UN Comtrade, tovuti ya Umoja wa Mataifa yenye takwimu za biashara kati ya nchi, fungua akaunti ya bure. Nchi inayotoa taarifa weka Uholanzi, chagua uagizaji, data za mwaka, washirika wote. Pakua faili ufungue kwenye ekseli, kwenye simu utaumia macho bure.

Hatua ya 2: namba za HS, yaani namba za kimataifa za kutambulisha bidhaa forodhani. Hapa tulia, ndo penye kazi yenyewe. 4403 ni magogo, 4407 ni mbao zilizopasuliwa zenye unene unaozidi milimita 6, 4408 ni vinia (karatasi nyembamba za mbao), 4412 ni plaiwudi. Usibebe 4407 nzima nzima, humo kuna misonobari ya Sweden na Finland na itameza kila kitu. Chukua 4407.21 mpaka 4407.29, hizo ndo za nchi za joto.

Sasa shida ni kwamba hizo namba zinabadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. 4407.23 kwenye toleo la 2022 ni mtiki, lakini namba hiyohiyo kwenye toleo la 1992 lilikuwa kundi lenye mahogani na balsa, vitu viwili tofauti kabisa. Alafu toleo la 2007 ndo lilimpa mvule (wenyewe wanauita iroko) namba yake 4407.28, na sapelli, mti mwingine wa Afrika, 4407.27. Kabla ya hapo zote zilikuwa zimerundikwa kwenye 4407.29, ile ya "nyinginezo". Kwa hiyo ukichora 4407.29 peke yake utaona mstari unashuka kuanzia 2007, utaenda kuwaambia watu soko limekufa, kumbe mbao zilezile zimehamishiwa safu nyingine! Dawa yake ni kujumlisha zote 21 mpaka 29 ziwe namba moja kwa kila mwaka, na anzia 1996, nyuma ya hapo mpangilio ni mwingine na hazilingani. Mninga hauna namba yake, kwa hiyo usihangaike kuutafuta.

Hatua ya 3: gawanya kilo kwa mita za ujazo. Kila mstari, bila kuruka. Mfano tu: kilo 1,300,000 kwa mita za ujazo 2,000 unapata kilo 650 kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni mbao ya kawaida. Meranti inacheza 500 hadi 700, azobé inaweza kuvuka 1,000. Ukipata 60 au 6,000 jua kuna mtu kakosea sifuri, au ujazo ni wa kukadiria. Usiufute huo mstari, upake njano uulinganishe na mwaka wa nyuma na wa mbele.

Hatua ya 4: rudisha kwenye gogo. Mbao zidisha kwa 1.8, vinia 1.9, plaiwudi 2.3. Ni makadirio yanayotumika sana, hapo ndo unaona msitu umetoa kiasi gani.

Hatua ya 5: andika matukio pembeni ya miaka. 2008 na kuendelea ujenzi Ulaya ulidorora. 2010 Gabon ilizuia magogo yake kuuzwa nje ya nchi, kwa hiyo 4403 ikishuka angalia kama 4407 na 4408 zimepanda. Machi 2013 sheria ya Ulaya dhidi ya mbao haramu ilianza kazi. Na hii naomba kila muuza mbao aisome mara mbili: Novemba 2022 mkutano wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) kule Panama uliingiza jamii za mninga, mkongo na mkangazi za Afrika kwenye orodha ya pili, kwa hiyo kuzisafirisha nje ya nchi kunataka kibali cha CITES. Mtu akikwambia kuna mteja Rotterdam anataka mninga haraka, muulize kibali kwanza kabla hujatoa hata shilingi.

Hatua ya 6: toa zinazopita. Rotterdam ni mlango, mzigo unaingia alafu sehemu inaenda Ujerumani na kwingine. Pakua na mauzo ya nje ya Uholanzi kwa namba zilezile, toa, kinachobaki ndo chao. Ukikuta Ubelgiji inaonekana kama muuzaji mkubwa usishangae, Ubelgiji haina msitu wa sapelli, mzigo umeshukia Antwerp ukaja na lori. Mwisho chukua na taarifa za Kameruni kuhusu mauzo yake kwenda Uholanzi uziweke sambamba. Linganisha kilo, achana na dola, kwa sababu muuzaji anaandika bei ya bandarini kwake na mnunuzi anajumlisha nauli ya meli na bima. Na meli iliyopakia Desemba inafika mwaka unaofuata, kwa hiyo tumia wastani wa miaka mitatu mitatu.