Daladala ya madawati
Walimu wa madarasa ya chini hapa Tanga, mnapofundisha kuvuka barabara, msiishie kuwakaririsha watoto “kulia, kushoto, kulia tena”. Pangeni madawati uwanjani yawe daladala, watoto washuke, wasubiri “daladala” iondolewe kabisa, ndipo waangalie na kuvuka, huku mwenzao akipita ubavuni kama bodaboda. Mtoto anayekatiza mbele ya gari lililosimama hufichwa na gari hilo, hivyo yeye na mwendesha bodaboda anayelipita hawaonani hadi wamekaribiana mno. Mtoto akimwona mwenzake wa “bodaboda” akichomoza ghafla, anaelewa kuliko kwa maneno matupu. Zoezi hili halitoshi kwenye kona, wala kwa wadogo wa darasa la kwanza, ambao bado hukosea kukadiria mwendo wa chombo: hao, tafadhali, washikwe mkono.