Kumpokea Anayerudi Kutoka Soba: Mwongozo kwa Kamati za Shehia

Siku ya hatari zaidi kwa aliyeacha unga, yaani heroini, si ile anayogaragara kwa arosto, maumivu ya mwili uliokosa unga, bali ni ile anayotoka nyumba ya soba, makao ya wanaojitoa kwenye unga, akiwa na afya na jamaa wamempikia pilau. Mwili uliokaa miezi kadhaa bila heroini huwa umeacha kuizoea, na kete (kipakiti cha unga) ileile aliyokuwa akiihimili zamani inaweza kumkata pumzi. Kwa hiyo kamati ianze kazi kabla hajarudi.

Wiki mbili kabla, mtu mmoja wa familia na mjumbe mmoja wa kamati waonane na wasimamizi wa nyumba hiyo, kwa ridhaa ya mwenyewe, waulize anatumia dawa gani, usingizi wake ukoje, na kama husikia sauti au huingiwa na huzuni isiyomtoka. Wanayoambiwa yasifike barazani.

Kisha yapangwe makaazi na kazi. Arosto kali ya heroini kwa kawaida hupungua ndani ya siku kumi, lakini hamu hudumu miezi, na huamka anapopita maskani ya zamani au anaposhika fedha taslimu. Anayerudi kwenye uvuvi, kwa mfano, hulipwa papo hapo chombo kinapotia nanga. Akubaliane mwenyewe na mama yake au ndugu anayemwamini amhifadhie sehemu ya fedha hizo. Neno “mwenyewe” lina uzito hapa, maana mtu mzima anayenyang’anywa mapato yake hujifunza kuficha.

Tiba ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, hutolewa hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, tangu 2015. Wapo wanaosema ni kubadilisha unga kwa unga, nao wamekosea: dozi iliyopangwa vyema huzuia arosto kwa takriban siku nzima bila kulevya, ila ikikatishwa ghafla arosto hurudi. Kwa kuwa wengi hulazimika kuinywa kila siku mbele ya mhudumu, kwa mkaazi wa mbali kama Makunduchi nauli ni sehemu ya tiba, na kamati iihesabu hivyo. Saa za dozi katika Ramadhani zizungumzwe na kituo mapema.

Familia ikitaka pia kisomo au mganga, isigombezwe. Kinachotakiwa ni makubaliano kwamba vidonge vya hospitali havitaachwa, hata mgonjwa akijiona amepona.

Nyumba nzima ijue dalili za kuzidisha dozi: haamki, anapumua polepole mno, midomo imebadilika rangi. Apuliziwe hewa mdomoni ikiwa pumzi imekatika. Akiwa bado anapumua alazwe ubavu, na kwa vyovyote akimbizwe hospitali, ambako naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya heroini, inaweza kumrejeshea pumzi. Kumwagia maji ni kupoteza muda.

Akirudia kutumia, asifukuzwe usiku ule. Asubuhi apelekwe kituo cha tiba, na nauli iwe imeshawekwa kando tangu siku aliyorudi.