Nahau za Kiingereza zenye meno: anzia mnadani Pugu

Ukitaka kuzielewa nahau za Kiingereza zinazotaja meno, weka kamusi pembeni, panda daladala la Pugu, ushuke mnadani. Nafundisha tuisheni Gongo la Mboto, na somo hili huwa nalianzia huko.

Simama karibu na mnunuzi mzoefu wa mbuzi. Umri hamuulizi mwenye mali. Anamshika mbuzi taya, anafunua mdomo wa chini kwa kidole gumba, anatazama. Mbuzi hana meno ya mbele juu. Ya chini yapo manane. Mawili ya katikati yakishang'oka na kuota mapana, ana mwaka na kitu. Yote manane yakishabadilika, anakaribia miaka minne au ameipita, na mnunuzi anaanza kuguna.

Sasa pale penye mbuzi weka farasi. Waingereza nao walimkagua hivyohivyo, ndipo wakasema “don't look a gift horse in the mouth”: ukipewa bure, usianze kufunua mdomo. John Heywood aliiweka kwenye mkusanyo wake wa methali mwaka 1546, na Mtakatifu Yeronimo alikuwa ameitaja kwa Kilatini zaidi ya miaka 1,000 kabla. “Long in the tooth” ni ya zizi hilohilo: farasi akizeeka fizi hurudi nyuma, jino likaonekana refu. Anasemwa hivyo mtu aliyekula chumvi nyingi. Mama mkwe usimjaribie.

Kundi la pili liko kwenye Biblia. “By the skin of one's teeth”, yaani kuponea chupuchupu, ni Ayubu 19:20. Waingereza waliisoma hivyo katika Biblia ya Geneva ya 1560. Hapo lazima mtu aulize, “Ticha, kwani meno yana ngozi?” Mjibu hayana, kisha mwache apime mwenyewe Ayubu alibakiwa na nini. “Set one's teeth on edge” iko Yeremia 31:29, baba wamekula zabibu kali, watoto wakafa ganzi meno. Zabibu kali hatuna, ila embe bichi la chumvi na pilipili linauzwa nje ya kila shule. Siku hizi husemwa zaidi kwa kero, kama kijiko kinachokwaruza sufuria. Jino kwa jino ruka, hata Kiswahili tunayo.

“Sweet tooth” ni kupenda vitamu tu. Gawa kashata, endelea na somo.