Ulishauguza au kuzika? Hivi ndo unavyoweza kumfaa mwenzio anayepita ulikopita

Mama yangu aliumwa kansa miezi mitano na mi ndo nilikuwa nalala naye hospitali. Watu walikuja wengi tu, siwezi kudanganya, mpaka nesi anawapunguza, wanazunguka kitanda wanaomba wanaondoka. Ila kuna mama mmoja wa kanisani, wala sio wa jumuiya yetu, alikuja na kikapu, ndani kuna khanga kavu, kipande cha sabuni, chaja ya simu na hotpoti ndogo ya ugali na dagaa, akaniambia "nenda kaoge mwanangu, kula, lala hata lisaa, mi nipo na mama hapa". Hakusoma neno wala nini. Baadaye sana ndo nikaja kujua kwamba na yeye alimuuguza mumewe miaka miwili, kumbe ndo maana alijua mtu anayeuguza anatamani nini ikifika siku ya tatu hajabadilisha nguo.

Basi nimejaribu kuwa kama yule mama, nimekosea sana njiani, na haya ndo niliyojifunza.

Anza na wewe mwenyewe. Watu wanadhani ukishateseka basi unakuwa na huruma automatiki, sio kweli jamani. Shida inaweza kukufanya mgumu kama jiwe, si unawajua wale wa "mimi nilizika watoto wawili na sikulia hivyo"? Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilikuwa nikisikia mtu analalamika mama yake ana presha najisemea moyoni presha tu. Kilichonibadilisha ni pale nilipokubali kwamba mimi pia nilibebwa. Paulo kwenye ile 2 Wakorintho sura ya 1 anasema Mungu anatufariji kwenye dhiki zetu ili na sisi tuweze kuwafariji wengine, kwa faraja ileile tuliyopewa. Na usiishie mstari wa nne, shuka mpaka wa nane, hapo anakiri kwamba yeye na wenzake kule Asia walilemewa mpaka wakakata tamaa ya kuishi. Yaani mtume mzima. Kwa hiyo kama hujawahi kumwambia Mungu ukweli wako wote anza hapo, Zaburi ya 88 ipo, ile inaisha gizani kabisa hakuna hata haleluya ya mwisho, na bado ni sala. Na kama kidonda bado kibichi kiasi kwamba ukienda msibani wafiwa ndo wanaanza kukubembeleza wewe, subiri kwanza, tuma hela ukae nyumbani, sio dhambi.

Halafu chukua daftari. Andika nani alikufaa na alifanya nini hasa, sio "alinitia moyo", hapana, andika alileta uji saa moja asubuhi, alienda kusimama foleni ya vipimo badala yangu, alikaa kimya. Pembeni andika maneno yaliyokuchoma. Hilo daftari ndo somo lako lote, hakuna semina itakayokufundisha zaidi ya hapo. Langu mimi upande wa kuchoma lilijaa "kazi ya Mungu haina makosa" na "mngemleta mapema".

Hapo kwenye maneno nikae kidogo maana ndo tunapoharibu. Marafiki wa Ayubu walipofika walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hapo walikuwa wako sawa kabisa! Waliharibu walipofungua mdomo wakaanza kumtafutia dhambi yake, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao. Tena ule mstari tunaopenda kuusoma msibani, Bwana ametoa na Bwana ametwaa, aliyeusema ni Ayubu mwenyewe kuhusu watoto wake mwenyewe. Hakuambiwa na mgeni aliyekuja na gari. Mfiwa akiusema itikia amina, ila wewe usimwanzishie. Sema pole, mtaje marehemu kwa jina, kaa. Akilia, lia naye, Yesu alimlilia Lazaro na alijua kabisa anaenda kumfufua.

Na historia yako iweke mfukoni. Akikuuliza "na wewe ilikuwaje?" mwambie kwa ufupi, asipouliza nyamaza, maana ukianza "hata mimi mama yangu..." tayari umeuhamisha msiba kwako. Hili bado linanishinda, nakiri.

Sasa matendo. Acha kabisa ile "ukihitaji chochote niambie", mtu aliyechanganyikiwa hawezi kukupangia kazi. Wewe angalia kinachokosekana ukifanye. Nauli ya kurudi hospitali kesho. Mtoto wa kupelekwa shule. Ukituma hela kwa simu weka na ya kutolea, na usisubiri shukrani. Kama huna hela una mikono. Ule wimbo wa Yesu kwetu ni rafiki tunaouimba kila msiba, maneno yake yaliandikwa na Joseph Scriven, mtu wa Ireland ambaye mchumba wake alikufa maji harusi ikiwa imekaribia, akahamia Kanada, na kule inasimuliwa alikuwa anapita na msumeno wake anawakatia kuni bure wajane na wagonjwa. Msumeno tu.

Mipaka ipo lakini. Usimwambie mtu aache dawa kisa mmeomba, narudia, usimwambie. Na ukisikia mtu anasema anatamani kufa au amegoma kula wiki nzima, hiyo imekuzidi wewe na daftari lako, usimwache peke yake, tafuta ndugu zake na mpelekeni kwa daktari, maombi yataendelea hukohuko.

La mwisho ni muda, na hapa ndo wengi tunafeli. Wiki ya msiba nyumba imejaa, maturubai, pilau, rambirambi zinasomwa. Matanga yakishaanuliwa watu wanarudi makwao na mfiwa anabaki na kitanda kitupu. Kwa hiyo weka tarehe kwenye simu yako, mwezi mmoja, miezi mitatu, na ile siku yenyewe mwaka ukizunguka. Mi mwezi uliopita simu ikanikumbusha kuhusu jirani yangu mmoja aliyefiwa na mumewe, nikabeba maandazi nikaenda bila hotuba yoyote. Tukanywa chai, tukaongelea bei ya mchele, kama nusu saa hivi. Ghafla akaniambia "unajua hakuna mtu anamtaja tena, wanaogopa nitalia". Nikamwambia basi nihadithie alivyokuwa mbishi kwenye mpira. Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akalia, kisha akaenda kuchemsha chai nyingine.