Somo: Kulisha matumbawe kwenye tangi la nyumbani bila kuchafua maji

Kabla hujanunua chakula, jua unafuga nini. Tumbawe ni mnyama: lina mdomo, lina tumbo, lina minyiri yenye seli zinazochoma. Ila mengi tunayofuga yana wapangaji ndani ya nyama yao, mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani huo hutengeneza sukari kwa mwanga wa taa na kumpa mwenye nyumba sehemu kubwa kama kodi. Sukari inatia nguvu, lakini kujenga mwili kunataka naitrojeni na fosforasi pia, na ndiyo maana minyiri inatoka usiku kuwinda. Kwa hiyo tumbawe lenye taa nzuri halifi njaa wiki hii. Chakula kilichooza chini ya mawe ndicho kitakachokuliza.

Hatua ya 1: Pima maji. Mimi hulisha kwa amani naitreti (chumvi ya naitrojeni) ikiwa miligramu 2 hadi 10 kwa lita, na fosfeti (chumvi ya fosforasi) 0.03 hadi 0.1. Naitreti ikifika 30, badilisha maji kwanza, uduvi ubaki kwenye friza. Vyote viwili vikisoma sifuri, usishangilie. Matumbawe hupauka, na mchangani hutokea ule utelezi wa kahawia wenye mapovu ambao kuuondoa ni kazi ya miezi. Hapo lisha.

Hatua ya 2: Angalia mdomo. Matumbawe yenye vinywa vikubwa, kama Euphyllia, Lobophyllia na Trachyphyllia, humeza uduvi mzima. Acropora na Montipora wana vinywa kama ncha ya sindano, kwa hiyo wape rotifa (vijidudu vidogo sana vya majini) au artemia (uduvi wadogo wa maji ya chumvi) walioanguliwa siku hiyohiyo. Xenia na Sarcophyton, matumbawe laini, mimi siwalishi kabisa, wanajitegemea.

Hatua ya 3: Yeyusha uduvi wa barafu kwenye kikombe cha maji ya tangi, kisha chuja. Maji yake yana fosfeti, yamwage, ila bakiza matone machache.

Hatua ya 4: Lisha samaki kwanza, wakishiba hawaibi. Taa zikishazimwa kwa muda wa kama saa moja, dondosha yale matone karibu na matumbawe. Ndani ya dakika 10 au 15 utaona minyiri inavimba na kunyooka. Zima pampu zote, na mashine ya povu (ile inayotoa taka majini kwa mapovu) pia.

Hatua ya 5: Tumia bomba la sindano (bila sindano yenyewe) lenye mrija mrefu. Usipulize, dondosha. Uduvi mmoja au wawili kwa kila mdomo. Minyiri ikikunjika kuelekea mdomoni, limekula. Likijifunga, limekataa, usilibembeleze.

Hatua ya 6: Subiri dakika 20, nyonya mabaki, washa pampu. Hiyo ya mwisho isikuponyoke. Niliwahi kusinzia kwenye kiti pampu zikiwa zimezimwa, nikaamka alfajiri samaki wote wako juu wanatafuta hewa. Tangu siku hiyo natega kengele ya simu kabla sijashika bomba.

Mara moja kwa wiki inatosha, mbili ukiwa na bidii ya kubadilisha maji.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kamba wangu anachomoa uduvi mdomoni mwa tumbawe kabisa. Nimtoe?
Jibu: Usimtoe. Kata chupa ya plastiki katikati, toa kizibo, funika tumbawe kwa ile nusu ya juu na ulishe kupitia shingo ya chupa. Iache kwa nusu saa. Kamba atazunguka nje kwa hasira, mpe uduvi wake mmoja.

Swali: Tumbawe langu la Tubastraea halifunguki, nimeongeza taa lakini wapi.
Jibu: Hilo halina mwani ndani, taa hailisaidii kitu. Linaishi kwa kula tu. Kila jioni, saa ileile, dondosha maji ya uduvi karibu nalo hata kama limefunga. Siku kadhaa zinaweza kupita kabla halijatoa minyiri. Likifunguka, kila polipi (kichwa kimoja kimoja cha tumbawe) ilishwe, maana kila moja ina mdomo wake, mara mbili au tatu kwa wiki. Kusema kweli, asiye na muda huo asilinunue, uzuri wa rangi usimdanganye.

Swali: Asubuhi nimekuta tumbawe linatoa kitu mdomoni. Linaumwa?
Jibu: Ni kitu gani? Kipande cheupe kizima maana yake ulilipatia tonge kubwa, wakati mwingine katakata. Uzi wa kahawia ni taka tu. Tumbawe halina mlango wa nyuma, linaingiza na kutoa palepale.

Swali: Na hizi asidi amino za chupa, chakula cha maji cha matumbawe, ninunue, mkuu?
Jibu: Una samaki wangapi?

Swali: Wanane, wanakula mara mbili kwa siku.
Jibu: Basi matumbawe yako tayari yanapata mbolea ya kutosha kwenye kinyesi chao. Chupa iache dukani, pesa hiyo nunua vipimo vya fosfeti.