Mtoto ametoka kwenye janga, afu ameanza kukojoa kitandani: fanya hivi

Tope la Mlima Hanang liliposhuka mji wa Katesh, mkoani Manyara, tarehe 3 Desemba 2023 watu zaidi ya 80 walikufa, sisi ndugu tukahangaika na magodoro na unga, watoto tukasema aah hawa wadogo watasahau. Hawasahau bana. Nimekaa na mtoto wa dada yangu wa miaka 6 aliyetoka kule, ndo nimejifunza.

Alishaacha kukojoa kitandani, akaanza tena, akawa anang'ang'ania khanga yangu hadi chooni tunaenda wote. Usimchape, wala usianike godoro huku unamsema mbele ya wenzake, huo sio utundu ni hofu. Badili shuka, mlale.

Mvua ikianza kupiga bati ndo utaona kazi. Wangu alikuwa anavaa viatu usiku wa manane anakaa navyo kitandani, "mamdogo, linakuja?" Siku ya kwanza nikamvua kwa nguvu, akalia mpaka majirani wakaamka, kosa langu. Kesho yake nikamwacha alale navyo nikakaa pembeni, nikamwambia hapa tuko mbali na mlima na mimi niko macho. Wiki kama tatu hivi akaanza kuviweka mwenyewe chini ya kitanda.

Akicheza kufukia midoli kwenye udongo usishtuke, ndo anavyoongea huyo.

Sasa hili wengi tunachemka, mama yake akiwa amekufa tunamwambia "mama kasafiri". Usiseme kabisa! Atakaa mlangoni anasubiri, afu watoto wa jirani watamwambia ukweli na wewe hatakuamini tena. Sema amefariki, hatarudi, na sio kosa lake, maana wadogo wanadhani labda ni kwa vile juzi yake aligoma kutumwa. Akiuliza mara kumi jibu mara kumi.

Shule arudi mapema, kula na kulala kuwe na muda wake, na zile video za tope kwenye simu zima. Wakubwa wa miaka 12 kwenda juu wanakuwa wakali au kimya, wape vikazi vidogo ila usiwabebeshe kulea wadogo zao wote.

Wengi wanatulia taratibu. Ikipita mwezi bado halali, hachezi, tumbo linauma kila siku na vipimo havioni kitu, nenda hospitali ya wilaya uulizie mtu wa afya ya akili au ustawi wa jamii. Akisema anataka kumfuata mama yake usingoje mwezi, nenda siku hiyohiyo, na kwa hapa Tanzania kuna 116, namba ya watoto, kupiga ni bure.