Somo: Baada ya hiki, nisome kipi?

Wateja wengi wanaofika dukani kwangu husema, "Dada, nipe kitabu kizuri." Kizuri kwa nani? Kuna wanaosoma ili usingizi uje na kuna wanaosoma ili usije. Nauza vifaa vya shule hapa Mtwara mjini, na rafu moja nimeitenga kwa riwaya, za kuuza na za kuazimisha. Somo hili ni la mtu mzima anayesoma kwa hiari yake. Mwenye mtihani amsikilize mwalimu wake.

Hatua ya 1: Kihoji kitabu cha mwisho ulichokipenda

Orodha za "vitabu mia vya kusoma kabla hujafa" ziache kwanza. Walioziandika hawakujui. Kumbuka kitabu kimoja kilichokuchelewesha kulala, halafu jiulize kilikushika kwa lipi.

Mkutubi mmoja wa Marekani, Nancy Pearl, amelirahisisha jambo hili. Anasema msomaji huingia kitabuni kwa mlango mmoja kati ya minne: kisa, wahusika, mandhari au lugha. Vitabu vingi vina yote manne, ila mmoja huwa mpana kuliko mingine. Mpenzi wa kisa anataka kujua nini kitatokea, huyo mpe Elvis Musiba na jasusi wake, Willy Gamba. Mpenzi wa mandhari atakaa na Kuli ya Adam Shafi kwa sababu ya bandari ya Unguja na makuli wake. Mpenzi wa lugha hachoki na Shaaban Robert hata kama hakuna anayekimbizwa.

Wa wahusika ndio wagumu kuwatambua, maana wenyewe hudhani wamependa kisa. Alikuja mama mmoja, muuguzi, bado ana sare yake ya zamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nitafutie cha kusoma."

"Cha mwisho kukipenda ni kipi?"

"Kile cha Maimuna. Utengano."

"Kilikupendeza nini?"

Akafikiri kidogo. "Yule binti. Nilikuwa namgombeza kwa sauti kabisa, mpaka mwanangu akaniuliza naongea na nani."

Ningeishia kwenye jina la kitabu, ningempa kingine cha Said Ahmed Mohamed, na pengine kisingemfaa. Lakini alichofuata ni binti, na baba anayedhani ukali unatosha kulea. Nikamtolea Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Alipokirudisha alikuwa anamgombeza Zakaria, babake Rosa.

Hatua ya 2: Mjue anayekushauri kabla ya kumsikiliza

Hapa ndipo wengi hawapatilii maanani. Tunauliza kundi zima, tunapata majina ishirini, tunabaki palepale. Chukua daftari la kawaida, kila kitabu mstari mmoja: jina la kitabu, mlango ulioingilia, na nani alikutajia. Hiyo safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Baada ya muda utaona kwamba shemeji yako hajawahi kukupa kitabu kibaya, na kwamba bosi wako mnatofautiana kila mara. Wote wawili wanafaa! Bosi akisema kitabu kimemchosha kwa maelezo mengi, na wewe ni mtu wa mandhari, kakitafute.

Na ukiuliza, uliza kwa maelezo. "Nimesoma Vuta N'kuvute, nimempenda Yasmin alivyojitoa kwa yule mzee aliyeozeshwa, ila siasa zilinizidi kidogo, nisome nini?" Mtu akiulizwa hivyo anakuwa na pa kuanzia.

Hatua ya 3: Toka kitabu kimoja uende kingine

Ukimaliza kitabu usikifunge hivihivi. Angalia mchapishaji ni nani, kimetafsiriwa na nani, utangulizi unawataja akina nani. Mfano, Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, wengi huku hawakuwa wamemsoma kwa sababu anaandika kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata riwaya yake ya 1994 ikatoka kwa Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, wachapishaji Mkuki na Nyota. Ni ya mtoto Yusuf anayetolewa kwa mfanyabiashara kulipia deni la baba yake, kisha anaingia bara na msafara. Mtu wa pwani hii, ambako misafara ya namna hiyo ilianzia, hahitaji kuelezwa sana. Hapo una njia tatu: vingine vya Gurnah kama Kiingereza kinapanda, vingine vya wachapishaji hao, au vingine vya enzi hiyo ya Wajerumani.

Tuzo nazo zitumie hivyohivyo. Ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na ipo ile ya Safal ya Kiswahili iliyoanza kutolewa mwaka 2015 kwa jina la Mabati-Cornell. Mimi huangalia hata walioingia fainali wakakosa, maana majaji nao wana milango yao.

Hatua ya 4: Anza na kinachopatikana

Mtwara si Dar. Steshenari zetu zinauza vitabu vya shule na madaftari, basi. Lakini vitabu vya fasihi vya shule ni riwaya halisi! Kufikirika, Vuta N'kuvute na Mfadhili ya Hussein Tuwa vimekuwa kwenye orodha ya kidato cha tano na sita kwa miaka mingi, ndiyo maana huvikosi. Ulivichukia kwa sababu ulikuwa unatafuta dhamira na "nafasi ya mwanamke". Visome tena bila kalamu mkononi. Ukipenda Mfadhili, agiza kingine cha Tuwa, Mkimbizi, kile cha kukimbizana.

Maktaba ya Mkoa ipo, ingia uulize rafu za hadithi. Na kama unategemea korosho, nunua vitabu vya mwaka mzima minada inapolipa. Msimuni pesa ipo na muda hakuna. Mvua zikikolea inageuka.

Hatua ya 5: Kijaribu

Soma ukurasa wa kwanza, kisha fungua katikati palipo na mazungumzo. Wahusika wote wakiongea kwa sauti moja, rudisha rafuni. Maneno ya nyuma ya jalada yameandikwa ili kitabu kiuzwe, usiyaamini sana.

Ukishaanza, huyohuyo Nancy Pearl ana kanuni: kipe kurasa 50. Ukiwa umevuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100, na zinazobaki ndizo kurasa zako. Mwenye miaka 70 anadaiwa 30 tu. Kukiacha kitabu si utovu wa adabu.

Hatua ya 6: Foleni iwe na vitabu viwili, kizito na chepesi. Zaidi ya hapo unajipa kazi ya kupanga tu.

MASWALI YA WASOMAJI

Swali, Nachingwea: Habari dada. Huku maktaba ni mbali, natumia simu tu. Zile PDF zinazozunguka zinafaa?

Jibu: Nzuri kaka. Nyingi zimepigwa picha bila ruhusa, mwandishi hapati hata senti, na mara kwa mara kurasa zinakosekana pale utamu ulipo. Jikusanyeni watano, kila mtu anunue kimoja tofauti, mzungushane. Waandishi wengi wa sasa wanauza wenyewe: unalipa kwa simu, kitabu kinakuja na basi. Mwandishi akubali kukutumia ukurasa mmoja au mbili kwanza, ujaribu kama hatua ya 5.

Swali, Lindi: Nataka vitabu vya historia yetu sisi watu wa kusini. Nianze na kipi?

Jibu: Anza na Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, mwandishi mzaliwa wa pwani hii hii. Ni ya Vita vya Majimaji, vilivyoanza Julai 1905 huko Umatumbi, mkoani kwako. Ila kumbuka ni tamthiliya. Mwandishi amebuni mengi, kwa hiyo usiinukuu kama kumbukumbu za vita. Kisha Peponi. Kama unasoma Kiingereza, tafuta kumbukumbu za maisha za hayati Benjamin Mkapa, My Life, My Purpose, zilizotoka mwaka 2019. Amezaliwa Lupaso, Masasi. Ukiwa mtu wa mandhari, anzia hapo penye utoto wake.

Swali, Newala: Shikamoo dada. Binti yangu yuko darasa la tano, hataki kitabu kabisa.

Jibu: Marahaba. Mpeleke achague mwenyewe, hata akichagua chenye picha nyingi unachokiona cha watoto wadogo. Usimuulize maswali akimaliza. Mwombe akusimulie tu, akipenda.

Swali, Masasi: Nina saba sijavimaliza. Ninunue kingine?

Jibu: Hapana. Panga hivyo saba, vipe kurasa 50 kila kimoja, vitakavyoshindwa vilete tubadilishane.

Swali, Mikindani: Niliiuliza programu ya akili mnemba kwenye simu, ikanipa riwaya tano za Kiswahili nzurinzuri. Nimezitafuta, mbili hazijulikani popote. Ni mimi au ni yenyewe?

Jibu: Ni yenyewe. Hata gazeti la Chicago Sun-Times, Mei 2025, lilichapisha orodha ya vitabu 15 vya kusoma likizoni iliyoandaliwa kwa akili mnemba, na 10 kati yake havikuwepo duniani. Waandishi walikuwa wa kweli, vitabu vya kubuni. Kwa hiyo jina lolote utakalopewa na programu, litafutie mchapishaji na mwaka kabla hujatuma pesa. Ukikosa vyote viwili, achana nalo. Inafaa zaidi ukiigeuza: ipe daftari lako la hatua ya 2, iulize unaelekea kwenye mlango gani, kisha majina uyatafute kwa watu. Zile tatu zilizopatikana nitajie, huenda moja iko rafuni kwangu.